Kabla Hujalipia Tiketi ya Chama

Olenguruone,
Kuresoi Kusini,
Kaunti ya Nakuru.
Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani sote wazima. Goti la mama yako limepata nafuu, ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na majani chai yanachumwa ingawa baridi ya asubuhi ni ile ile unayoijua. Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeamua kuwania kiti cha mwakilishi wadi mwaka 2027, kwamba utatafuta tiketi ya UDA, na kwamba ukishaipata hiyo tiketi, kura ni "kazi ya kumalizia tu." Unanitaka nikuitie kina mama wa kikundi chetu wakubariki. Baraka hutanyimwa, wewe ni mtoto wa hapa. Ila hayo maneno ya kumalizia tu ndiyo yamenifanya nichukue kalamu badala ya kukupigia, maana kwenye simu una tabia ya kunikatiza.

Mimi senge wako, yaani shangazi yako, niliwahi kuwa mtu wa chama. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake ilipounganishwa na KANU, mimi nilikuwa kiongozi wa kina mama wa kata ndogo yetu, mwalimu kijana mwenye kitambaa kichwani na rejista ya wanachama kwapani. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha. Ilikuwa kazi rahisi. Miaka ile mtu asiye na kadi ya KANU yenye jogoo angeweza kukataliwa kupanda matatu, au vijana wa chama wamzuie langoni mwa soko na mzigo wake mgongoni. Basi watu walinunua kadi, hata wale ambao hawakuwa na habari na siasa. Rejista yangu ikajaa. Nikaipeleka kwa mwenyekiti wa tawi, akafurahi. Naye akapeleka hesabu wilayani, wilaya ikapeleka Nairobi, na kule Nairobi wakubwa wakajionea kwa macho yao kwamba KANU inapendwa mpaka Olenguruone. Hakuna aliyeuliza ni wangapi walinunua kadi ili wapite sokoni wauze kabichi.

Mwaka uliofuata tukapangwa foleni. Mchujo wa KANU wa 1988 ulikuwa wa mlolongo: picha ya mwaniaji inashikwa mbele, nanyi mnajipanga nyuma yake uwanjani mwa shule, mchana kweupe, chifu akitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, kwa hiyo kura ya siri haikumhusu. Namkumbuka jirani yetu mmoja ambaye mumewe alikuwa kibarua kwa tajiri aliyempigia debe mmoja wa wagombea. Alisimama katika foleni ya tajiri wa mumewe, mtoto mgongoni, ameivuta leso mpaka machoni kama mtu aliye matangani. Kila mtu alijua moyo wake uko foleni ya pili. Katika sehemu nyingi za nchi, foleni fupi ndiyo iliyotangazwa kuwa ndefu.

Watu husema KANU ilikufa mwaka 2002. Mimi naona ilianza kufa pale uwanjani, kwa sababu tangu siku ile haikubaki na njia yoyote ya kujua watu wake wanafikiri nini. Ilikuwa imejiziba masikio kwa mikono yake yenyewe, halafu ikasema kumetulia.

Desemba 1991 sehemu ya 2A ya katiba ikafutwa, vyama vingi vikarudi. Mwaka 1992 Rais Moi wa KANU alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura, na 1997 kwa asilimia 40 hivi. Fikiri hesabu hiyo: Wakenya wengi walimkataa mara zote mbili, akaapishwa kwa kuwa wapinzani wake walikuwa wamegawana kura. Chama kingine kingeshtuka. KANU ilichinja mafahali.

Na lipo jambo ambalo mtu wa Olenguruone hawezi kuliruka akizungumzia kura za miaka ile. Hazikuwa za mapenzi peke yake. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa Molo na hapa kwetu, majirani waliohesabiwa kuwa watu wa upinzani wakakimbia na watoto na magodoro, wengine hawakurudi tena. Kuresoi ikawaka tena karibu na uchaguzi wa 2007 na baada yake. Tume ya Akiwumi iliyaandika ya kwanza, na tume ya Waki ikayaandika ya pili. Wewe ulikuwa mdogo, lakini kati ya hao utakaowaomba kura wapo waliochoma, wapo waliochomewa, na wapo waliokaa ndani wakisikiliza. Usije ukasimama jukwaani ukasema "kura za hapa ni zetu" ukadhani maneno hayo ni mepesi.

Tena udongo huu una historia ndefu ya watawala kudhani anayegawa shamba amenunua na moyo wa mtu. Wakoloni walianzisha makazi hapa mwaka 1941, wakaleta Wakikuyu waliokuwa maskwota, wakawawekea masharti ya kilimo na umiliki. Watu wakakataa kutia sahihi, wakala kiapo cha umoja, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakasafirishwa mpaka Yatta. Kiapo hicho kilisafiri mbali kuliko wao. Baadaye tukakaa sisi Wakalenjin. Na kabla ya wote hao, msitu ulikuwa wa Waogiek, ambao mwaka 2017 walishinda kesi dhidi ya serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika kule Arusha. Hao nao wana kura, na wamekwisha kujifunza kwamba ziko njia nyingine zaidi ya kumsubiri mheshimiwa.

Turudi kwa jogoo. Mapema 2002 Raila Odinga aliingia KANU na chama chake cha NDP. Miezi michache baadaye Moi akamtangaza Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, na vigogo waliodhani zamu ni yao wakatoka, Raila, Kalonzo na Saitoti wakiwemo. Sisi hapa tulimpigia Uhuru kwa sababu Mzee Moi alisema. Tulitii kama tulivyozoea. Kibaki akapata asilimia 62, Uhuru 31. Tulikuwa tumeambiwa KANU itatawala miaka 100, ilikaa 39. Februari 2003 serikali mpya ikachukua jumba la KICC lililokuwa makao makuu ya chama, na wale waliokuwa wakipishana ngazini mle wakaanza kutafuta pa kukutania.

Mpaka hapo chama bado kingepona. Kilikuwa na wabunge 64 wa kuchaguliwa na ngome yake yote ya Bonde la Ufa. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka uyasome polepole.

Mwaka 2007 KANU iliamua kumuunga mkono Kibaki. Moi mwenyewe, Rais mstaafu, aliingia uwanjani kuwaambia Wakalenjin wafanye hivyo. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi, kisha wakaenda wakapigia ODM ya Raila. Wanawe watatu waliokuwa wakigombea ubunge wakaanguka siku moja. Nicholas Biwott, aliyekuwa akitisha hata kwa jina, akaanguka Keiyo Kusini. Wabunge wa KANU hawakufika 20 nchi nzima.

Nairobi walishangaa. Hapa hatukushangaa. Katika ile miaka mitano redio za lugha yetu zilikuwa zimeshika kasi, Kass FM ikiwemo, na mzee aliyekuwa akingoja baraza la chifu ili ajue la kufanya alikuwa sasa anasikia mabishano jikoni kwake kabla ya chai. Simu zilikuwa zimeingia. Vijana waliozaliwa wakati wa maziwa ya Nyayo walikuwa na vitambulisho, na hawakumdai Moi maziwa wala hawakuona kwamba wanadaiwa. Chama kilikuwa bado kinatafuta mwenyekiti wa tawi ampe maagizo, naye mwenyekiti alikuwa hana tena mtu wa kumwagiza.

Usidhani ODM walikuja kukaa. Mwishoni mwa 2009 familia ziliondolewa msitu wa Mau, zikapiga kambi za matandiko na nailoni kando ya barabara katika mvua ya hapa, na lawama yote ikamwendea Raila, aliyekuwa Waziri Mkuu. Kura ya katiba ya 2010 ilipofika, Bonde la Ufa likapiga nyekundu, yaani La. Ruto alikuwa upande huo, na Moi pia. Hapo pana somo ambalo wachambuzi wengi hulipita: watu wale wale waliomkatalia Moi 2007 walisimama naye 2010. Hawakuwa wamemrudia Mzee. Walikuwa na hofu ya mashamba, na safari hii hofu yao na maneno yake vilikutana.

Hebu hesabu mwenyewe. 2002 jogoo wa KANU, 2007 chungwa la ODM, 2013 URP, 2017 Jubilee, 2022 wilibaro la UDA. Chaguzi tano, vyama vitano, na wapiga kura ni hawa hawa na watoto wao. Utaniambia kwamba tangu 2007 tunamfuata mtu mmoja, Ruto, na vyama ni nguo anazobadilisha. Kuna ukweli ndani yake. Lakini KANU nayo ilikuwa na mtu wake, mkubwa kuliko huyu kwa miaka aliyokaa Ikulu, na tulimwacha akiwa hai, akiwa na afya, akiwa anatuomba.

Je, KANU ilijaribu kubadilika? Ilijaribu mara moja kwa maana ya kweli, na mahali penyewe si mbali na hapa. Machi 2016 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa useneta Kericho. KANU ikamsimamisha Paul Sang, ikaenda kwa wakulima wa majani chai na wa mahindi, ikauliza bei, ikauliza madeni. Ilishindwa na Aaron Cheruiyot wa Jubilee, lakini ilipata takriban nusu ya kura zake, katika eneo lililosemekana limefungwa. Nilisema siku ile: wakikaa hapo hapo, wakirudi kila mwezi, baada ya miaka mitano watakuwa chama tena. Hawakurudi. Mei 2020 walitia sahihi mkataba wa kushirikiana na Jubilee ya Uhuru, mwezi ule ule Jubilee ilipowavua Murkomen na Kihika, wandani wa Ruto, vyeo vyao katika Seneti, na hapa kila kioski kilikuwa kikisema Ruto anaonewa. Chama kilichotaka kura za Wakalenjin kikaenda kukaa upande ambao Wakalenjin walikuwa wameukasirikia.

Miezi mitatu kabla ya hapo tulimzika Mzee Moi kule Kabarak. Uliona kwenye televisheni Raymond akimkabidhi Gideon rungu la baba yao. Lilikuwa jambo la heshima na lilinigusa, nisikudanganye. Lakini rungu hurithiwa, kura hazirithiwi. Mwaka 2022 Gideon alipoteza useneta wa Baringo, nyumbani kabisa, kwa William Cheptumo wa UDA, aliyepata karibu maradufu ya kura zake. Cheptumo alipofariki mwaka jana, wengi walitarajia Gideon arudi uwanjani katika uchaguzi mdogo wa Novemba. Oktoba akajiondoa baada ya kukutana na Rais Ruto, KANU ikaingia serikalini, na UDA ikachukua kiti. Chama kilichoongoza nchi kwa miaka 39 kikaishia kumwachia mwenzake debe.

Kuna waliozikwa mapema wakafufuka. Malawi, chama cha Banda, MCP, kilitolewa madarakani mwaka 1994 na kikakaa nje miaka 26 mpaka Chakwera alipokirudisha 2020. Mwaka jana kikaondolewa tena. UNIP ya Kaunda kule Zambia ilitoka 1991 na sijui kama vijana wao wanaijua bendera yake. Kwa hiyo sisemi chama cha zamani hakiponi. MCP ilikaa upinzani ikapiga kura za chama, ikabadilisha viongozi, ikashindwa na kusimama tena. KANU haikuwa na subira ya upinzani.

Sasa nije kwako na wilibaro lako. Mimi mwenyewe 2022 nilipigia suti kamili ya UDA, kuanzia juu mpaka chini, na sijutii. Walikuwa wamezunguka kaunti wakifanya vikao vya uchumi, wakauliza watu wanataka nini, wakaandika. Baada ya miaka mingi ya kuambiwa, kuulizwa kulituingia moyoni. Mbolea ilikuwa zaidi ya shilingi 6,000 kwa gunia, ikashuka hadi 3,500, halafu 2,500. Hilo halisahauliki. Lakini mwaka 2024 ilikuja kugundulika kwamba katika mpango ule ule wa mbolea nafuu kuna wakulima waliouziwa magunia bandia. Na Juni mwaka huo, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, hawakuandamana Nairobi peke yake. Waliandamana Eldoret na Nakuru, ndani ya ngome. Baadhi ya wabunge wakadai ni watoto wa matajiri wasiojua shida. Tarehe 25 Bunge likavamiwa, watu wakapigwa risasi, na kesho yake Rais akakataa kutia sahihi mswada aliokuwa ameutetea. Nilipowasikia wale wabunge nikaikumbuka rejista yangu ya 1987. Ni ugonjwa ule ule: kuwahesabu watu badala ya kuwasikia.

Tena kijana wa siku hizi hakimbilii chama kingine ili umwone anakwenda. Anakaa nyumbani. Sensa ya 2019 ilionyesha robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35, lakini katika daftari la IEBC la 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Waliojitokeza kupiga kura nchini walishuka kutoka asilimia 79 hivi ile Agosti 2017 hadi 65 hivi. Hiyo asilimia iliyopotea haina mwenyekiti wa tawi. Ukija hapa na tiketi ukadhani kura ni ya kumalizia, hao ndio watakaokumaliza, kwa kubaki kibandani mwa boda wakicheza drafti siku nzima ya kura.

Nenda ukawasikilize, na utashangaa wanachosema. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia mmoja wao akitaja chama. Juzi nilipita barabarani wakipakia viazi. Sheria ya viazi ya 2019 inasema gunia lisizidi kilo 50. Lile nililoliona lilikuwa limejazwa mpaka mdomo, halafu likashonewa wavu juu yake, wavu nao ukajazwa viazi ukafungwa kamba mpaka ukawa na kichwa na mabega. Mnunuzi analipa gunia moja. Kijana aliyekuwa akishona, ambaye viazi vyenyewe ni vya mama yake, aliniuliza: "Mwalimu, hii lumbesa mbunge haioni? MCA haioni?" Sikuwa na jibu, lakini wewe unayetaka kiti unapaswa kuwa nalo. Kudhibiti lumbesa ni jambo ambalo bunge la kaunti linaweza kulishughulikia: wakaguzi, mizani, ushuru wa mazao, ghala la viazi. Ni kazi ya kiti unachokitaka, na haihitaji ruhusa ya Ikulu.

Neno la mwisho ni la hiyo tiketi. Najua hapa kwetu tiketi mara nyingi ndiyo kiti, na kwa hiyo mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe. Basi upiganie mchujo uwe wa kweli. Ukisikia wanagawa vyeti vya moja kwa moja Nairobi, na wewe una rafiki anayeweza kukupitishia chako, usikichukue. Utakuwa umeshika foleni ya 1988. Walionyimwa watasimama kama wagombea huru, na watu watawapigia kwa hasira tu, hata bila kuwapenda. Ukishindwa katika mchujo wa haki, rudi ufundishe, uwanie tena 2032. Una umri.

Kina mama nitawaita, lakini kwanza uje wewe, siku ya soko, bila gari la mtu na bila fulana za chama. Kaa stejini, nenda Kiptagich, nenda Tinet, nenda mpaka kwa wale waliorudi mashambani mwao wakakuta mipaka imesogezwa. Na jambo moja ulifanye hata kabla ya kuja: mama yako ananiambia kura yako bado iko Nakuru Mjini, ulikojiandikisha ukiwa chuoni. Sheria haikukatazi kuwania ukiwa umejiandikisha kwingine, lakini hapa watakuuliza siku ya kwanza, na mimi nitakuwa wa kwanza kuuliza. Nenda ofisi ya IEBC uihamishe wiki hii.

Ni mimi senge wako,
Olenguruone.